Umechora mtoto, katoka babu: makosa ya kichanga cha katuni na namna ya kuyanyoosha

Unamaliza mchoro, unausogeza mbali kidogo uutazame vizuri, na aliyekaa kwenye karatasi si mtoto. Ni mzee mfupi aliyevaa nepi. Nywele tatu za utosini zipo, mashavu yapo, chuchu ya mpira ipo mdomoni, lakini sura ni ya mtu ambaye ungemwamkia shikamoo. Hapo wengi hushika raba na kufuta macho, kwa kudhani ndiyo waliyoyaharibu. Mimi nimefuta macho hadi karatasi ikatoboka, na macho hayakuwa na kosa lolote. Yalikuwa yamekaa pasipo pake.

Makosa ya kichanga cha katuni ndivyo yalivyo: mengi ni ya mahali na vipimo, machache sana ni ya mkono usiojua kuchora. Mstari unaweza kuwa mbovu na mtoto akabaki mtoto. Kipimo kikiwa kibovu, hata mstari mzuri namna gani haumwokoi.

Kwanza mchoro wenyewe, kwa haraka

Tuelewane kwanza kuhusu mistari ya kuongozea, maana nitaitaja sana. Chukua penseli ya HB, ile ya kawaida ya ugumu wa kati, au 2H kama unayo, ambayo ni ngumu zaidi na mstari wake ni hafifu, uishike mbali na ncha ili isikandamize. Chora duara la upana wa sentimita 6 hivi. Likate katikati kwa mstari wa wima na mwingine wa mlalo. Kisha shuka nusu sentimita hadi sentimita moja chini ya ule wa mlalo, uchore mwingine. Huu wa pili ndio mstari wa macho. Kuanzia hapo kushuka, tanua duara kidogo kila upande upate mashavu, na kidevu kiwe kijibonge tu katikati yake. Chini ya kichwa weka kiwiliwili chenye umbo la tone la maji, chembamba juu na kinene chini. Ongeza mikono na miguu, mifupi na minene. Uso unafuata, nywele ni za mwisho kabisa. Ukisharidhika ndipo unapitisha 2B, penseli laini yenye mstari mweusi zaidi, au kalamu ya wino juu ya mistari unayoitaka.

Kama ulianza na macho, kisha ukazungushia kichwa, basi nusu ya dalili zilizo hapa chini unazo tayari.

Dalili: anaonekana mzee

Hili ndilo lalamiko kubwa, na lina sababu kadhaa zinazopenda kuja pamoja. Zipime kwa mpangilio huu.

Chukua rula. Pima kutoka utosini hadi mstari wa macho, kisha kutoka hapo hadi kidevuni. Vipimo vikilingana, ugonjwa umeupata. Macho ya mtu mzima hukaa karibu katikati kabisa ya kichwa, na hilo ndilo somo la kwanza la kila anayejifunza kuchora uso, kwa hiyo mkono unalirudia hata usipoagizwa. Mtoto mchanga hayuko hivyo. Ubongo wake umetangulia kukua na uso umebaki nyuma: wakati wa kuzaliwa, uso ni kama sehemu moja dhidi ya nane za fuvu linalobeba ubongo, ilhali kwa mtu mzima ni kama moja dhidi ya mbili. Taya bado ni ndogo kwa sababu hazina meno ya kubeba. Ya kwanza huanza kuchomoza kwenye miezi sita hivi. Ndiyo maana uso mzima wa mtoto, macho, pua na mdomo, umesongamana chini, na juu yake kuna komwe kubwa lililo wazi.

Dawa yake haihitaji kufuta uso. Ongeza fuvu. Kama kichwa chako kina urefu wa sentimita 6 na macho yako kwenye sentimita ya 3, chora utosi mpya sentimita moja na nusu juu ya ule wa zamani. Sasa kichwa kina 7.5 na macho yako kwenye 4.5, yaani asilimia 60 kushuka kutoka juu. Tanua na pande za fuvu, usije ukapata yai lililosimama. Futa utosi wa zamani, utazame tena. Mara nyingi mzee anaondoka hapo hapo, na ule uso uliokuwa unautukana hujaugusa hata kidogo.

Akibakia, tazama pua. Mtoto hana mwamba wa pua wa kuchora. Mstari wowote unaoshuka kutoka kati ya nyusi hadi puani unampa miaka thelathini papo hapo. Acha kijipinde kimoja kifupi, au vitone viwili, vilivyo karibu na usawa wa ukingo wa chini wa macho. Mdomo nao ukaribiane na pua, na upana wake usizidi nafasi iliyo kati ya mboni mbili.

Halafu mistari ya uso. Mikunjo inayotoka puani kwenda pembe za mdomo, mifuko chini ya macho, kivuli chini ya shavu: futa yote. Najua mtoto aliyezaliwa leo huwa na makunyanzi kuliko babu yake, lakini msomaji wa katuni hakumbuki mtoto wa saa tatu. Anamkumbuka wa miezi sita, aliyejaa. Ukitaka kuonyesha kicheko, inua shavu lisukume jicho kutoka chini, bila kukunja ngozi.

Kidevu na shingo ni sababu ndogo lakini zina ukaidi. Kidevu kilichochongoka, au taya yenye kona, ni vya mtu anayenyoa ndevu. Ukimchora kwa upande, kidevu kirudi ndani na paji litokeze mbele. Wengi hufanya kinyume. Shingo usiichore kabisa kwa mtoto anayetazama mbele. Kichwa kikalie mabega.

Mwaka 1943 Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, aliandika kuhusu alama zinazotufanya tumwone kiumbe kuwa mchanga na tutake kumtunza: kichwa kikubwa kuliko mwili unavyotarajia, paji la juu lililotokeza, macho makubwa yaliyoshuka, mashavu ya duara, mikono na miguu mifupi na minene. Mchora katuni anazo alama hizo zote mkononi na ana ruhusa ya kuzikuza. Mimi huzipitia kama orodha ya fundi, na karibu kila mzee aliyevaa nepi anakuwa amekosa mbili au tatu.

Dalili: uso ni wa mtoto, lakini mwili ni wa mtu mzima aliyepunguzwa

Hapa kichwa kiko sawa, ila ukifunika uso kwa kiganja unaona mwanaume mdogo. Tumia kichwa kama rula. Kichanga halisi kina urefu wa vichwa vinne hivi kutoka utosini hadi kisiginoni. Mtu mzima ana saba na nusu. Katuni inakaza zaidi, na vichwa viwili hadi vitatu vinatosha. Ukihesabu vitano, umechora mtoto wa shule.

Mara nyingi urefu uliozidi umejificha miguuni. Nusu ya urefu wa mtu mzima iko karibu na panapoanzia miguu, lakini ya kichanga iko karibu na kitovu. Kwa hiyo ukitaka kufupisha mwili, punguza miguu kabla ya kugusa tumbo. Mikono ina kipimo chake pia: mtoto akiinua mikono juu, viganja vinafika karibu na utosi tu. Akiweza kujishika kwa raha juu ya kichwa, mikono imezidi.

Mabega yawe membamba kuliko kichwa. Kiuno hakuna. Tumbo linatoka kwapani likiongezeka hadi kwenye nepi bila kubana popote, na mgongo wake si mstari wa rula.

Dalili: anatisha

Hana uzee, vipimo viko sawa, lakini hutaki kubaki naye chumbani usiku. Nenda moja kwa moja kwenye macho.

Sababu ya kwanza ni weupe unaoonekana pande zote za duara la rangi. Jicho la namna hiyo ni la mtu aliyeshtuka au anayepanga jambo. Kioo cha mbele cha jicho la mtoto anayezaliwa kina upana wa milimita 10 hivi, na cha mtu mzima hakifiki 12 kwa wengi; tofauti ni ndogo mno ukilinganisha na jinsi uso wote unavyokua. Ndiyo maana jicho la mtoto linaonekana limejaa rangi na weupe ni wa pembeni tu. Kuza duara la rangi mpaka kope ya juu ilifunike kidogo, au angalau iliguse.

Sababu ya pili ni mwanga. Jicho jeusi tii lisilo na kitone cheupe ni jicho la mwanasesere aliyesahaulika darini. Acha kitone kimoja kisichopakwa rangi kila jicho, na viwe upande mmoja: kama cha kulia kiko juu kushoto, cha kushoto nacho kiwe juu kushoto. Wengi huviweka kama vioo vinavyotazamana, kimoja ndani na kingine ndani, na mtoto anakuwa na makengeza bila mchoraji kujua kwa nini.

Ya tatu ni kuchanganya lugha mbili za uchoraji. Umechora mwili wa mistari mitano, halafu macho ukayapa kila unywele wa kope, mishipa na vivuli. Au umempa meno. Chagua upande mmoja. Ushauri wangu kwa anayeanza ni vitone viwili vyeusi vilivyo mbalimbali, basi. Vitone havijui kutisha. Macho makubwa yanayong'aa ni matamu, lakini yanadai usahihi ambao mkono wa mwezi wa kwanza hauna.

Umbali kati ya macho: ingiza jicho moja zima katikati, hata moja na nusu. Yakikaribiana, mtoto anakuwa mjanja.

Dalili: uso umepinda, na hujui umepindia wapi

Unaona kuna kitu, lakini ukitazama jicho moja moja kila kitu ni sawa. Jicho lako limeshauzoea mchoro na linausamehe. Geuza karatasi, uishike mbele ya dirisha au taa, uutazame mchoro kwa nyuma. Kosa litajitokeza lenyewe: jicho moja juu, shavu moja limevimba. Ukichora kwenye simu au kompyuta, programu nyingi zina kitufe cha kugeuza picha kushoto kulia. Kitumie kila baada ya dakika chache, usingoje mwisho.

Uso ukiwa umegeuka upande kidogo, sababu karibu kila mara ni mistari ya kuongozea iliyonyooka. Kichwa ni mpira. Mstari wa macho unauzunguka mpira kama mpira wa kufungia bahasha, kwa hiyo mtoto akiinamisha kichwa mstari unapinda kwenda chini, akitazama juu unapinda kwenda juu. Ule wa wima nao unahamia upande anakotazama. Jicho la mbali liwe jembamba kidogo, na shavu la mbali ndilo litokeze nje ya mzingo wa uso. Hilo shavu la mbali likisahaulika, mtoto anaonekana amekatwa kisu upande mmoja.

Kuna sababu nyingine ambayo haimo kwenye mchoro kabisa. Ukichora karatasi ikiwa imelala mezani, sehemu ya juu iko mbali na jicho lako na unaiona imebanwa, kwa hiyo mkono unairefusha kufidia. Ukiisimamisha karatasi, fuvu limekuwa refu. Weka ubao au kitabu kikubwa chini yake, upande wa juu uinuke. Kwa mtu anayelalamika kwamba vichwa vyake vyote vinakuwa mayai, hii ndiyo dawa ninayoijaribu kabla ya nyingine.

Dalili: anaelea, au anakaribia kuanguka

Angalia kwanza kama umri na mkao vinaelewana. Kichanga cha mwezi mmoja aliyeketi wima peke yake atasumbua jicho la kila aliyewahi kubeba mtoto, hata asipoweza kusema kosa ni nini. Shingo inaanza kuimudu kichwa vizuri kwenye miezi minne hivi, kuketi bila kuegemezwa huja karibu na miezi sita, kutambaa mara nyingi kati ya wa nane na wa kumi, na hatua za kwanza karibu na mwaka. Watoto hutofautiana, lakini katuni inasomwa haraka, kwa hiyo shika umri wa kawaida.

Aliyeketi ana mgongo wa mviringo na kichwa kilichotangulia mbele kidogo, maana kichwa hicho ni kizito. Miguu imepanuka, magoti yamekunjwa, nyayo karibu zinatazamana. Kama amejifunza kuketi wiki hii, mkono mmoja au yote miwili inagusa sakafu mbele yake. Chora mstari wa sakafu kabla ya mtoto, kisha teremsha mstari wa wima kutoka katikati ya kichwa: ukitua nje ya eneo kati ya matako na miguu, anaanguka. Msogeze kichwa, usimwongezee mto wa kumzuia.

Anayetambaa: viganja chini ya mabega, magoti chini ya nyonga, kichwa kimeinuliwa mpaka kisogo kinakaribia mgongo. Anayetembea: miguu mbalimbali, tumbo mbele, mikono imeinuka kama mtu anayepita juu ya ubao mwembamba. Ukimchora ameweka mikono ubavuni, umemrudisha jeshini.

Kivuli kidogo chini ya nepi kinamkalisha chini kuliko maneno yote haya. Kipake kiguse mwili. Kikitengana nao hata kidogo, mtoto anapaa.

Dalili: viganja vya kuku

Umehesabu vidole vitano, umevipa viungo na kucha, na sasa ni makucha. Anza na glovu isiyo na vidole: duara moja la kiganja na duara dogo la kidole gumba. Kisha gawa duara kubwa kwa vijistari vifupi visivyofika katikati. Vidole vitatu na gumba vinakubalika kwenye katuni na hakuna atakayehesabu. Mahali ambapo mtu mzima ana vifundo vilivyotokeza, mtoto ana vibonyeo. Kitone kimoja kinatosha kila kidole, au usiweke kabisa.

Mikunjo ya unono ina kipimo. Mmoja kwenye kifundo cha mkono, mmoja pajani. Kila mmoja uanzie ukingoni na ufifie kabla ya kuvuka upande wa pili. Ukiuvusha, umekata mkono vipande, na ukizidisha idadi mtoto anakuwa na miguu ya jongoo.

Dalili: kila mchoro ni mtoto mwingine

Ukurasa wa kwanza alikuwa na komwe, wa pili ana masikio makubwa, wa tatu ni binamu yake. Hii humpata yeyote anayechora kwa kukumbuka. Kabla ya kumtumia mhusika kwenye hadithi, tenga karatasi moja umchore mara tatu juu ya mistari ile ile ya mlalo: mbele, upande, na amegeuka nusu. Mstari wa utosi, wa macho, wa mdomo na wa kitovu ipite kwenye michoro yote mitatu. Pembeni andika vipimo vyake kwa maneno: mwili ni kichwa kimoja na nusu, sikio linaanzia kwenye mstari wa macho na kuishia usawa wa mdomo, nywele ni mkunjo mmoja unaoelekea kushoto.

Mpe pia alama moja ambayo haibadiliki hata akilia. Watu hukimbilia utepe kichwani au kope ndefu ili ajulikane ni wa kike. Vichanga vinafanana, na binafsi naona kijinywele kilichopinda vibaya kinamtambulisha mtu kuliko utepe.

Dalili: karatasi imechafuka na mistari ya kuongozea haifutiki

Ulikandamiza. Penseli ngumu iliyokandamizwa inachimba mfereji ambao raba haiufikii, na rangi ikipita juu yake mfereji unaonekana upya. Weka karatasi safi chini ya kiganja, subiri wino ukauke kabla ya kufuta, na futa kuelekea upande mmoja.

Kama mfereji umeshachimbika na vipimo navyo ni vibovu, acha kuhangaika na karatasi hiyo. Weka nyembamba mpya juu yake dirishani, nakili tu vile vilivyotoka vizuri, hata kama ni macho na mdomo peke yake, kisha shusha karatasi mezani uwajengee fuvu jipya kuanzia juu.